Magombo, Chapa za Mbao na Hariri za Nakshi za China: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya yamepangwa kuanzia ya msingi hadi yale yasiyotokea kila siku. Kama una haraka na muuzaji anakusubiri, soma la 6, la 7 na la 14 kabla ya kutoa pesa.

## Ya msingi

1. Gombo la Kichina lina sehemu gani?

Mchoro wenyewe, ambao mafundi wa China huuita "moyo", ni karatasi au hariri nyembamba kiasi cha kupitisha mwanga. Hubandikwa kwa uji wa wanga wa ngano juu ya karatasi nyingine, ukazungushiwa kingo za hariri, kisha kitu chote kikapewa karatasi ya mgongo. Mgongo husuguliwa kwa nta na jiwe laini ili ukunjike bila kukwaruza mchoro.

Ukingo wa juu huitwa "mbingu" na wa chini "ardhi", na mbingu huwa ndefu kuliko ardhi. Juu kuna ufito wenye uzi wa kutundikia. Chini kuna mti wa mviringo wenye kishikio kila upande, na uzito wake ndio unaonyoosha gombo. Baadhi ya magombo yana tepe mbili nyembamba zinazoshuka kutoka juu. Jina lake la Kichina maana yake ni "mshtua mbayuwayu": zamani ziliachwa zipepee ili ndege wasisogee. Siku hizi nyingi hubandikwa kama pambo tu.

Mchoro na ubandikaji ni kazi za watu wawili, na mara nyingi za enzi mbili. Mchoro wa karne ya 18 unaweza kuwa umebandikwa upya mwaka 1980. Na mchoro wa juzi unaweza kuvalishwa kingo zilizobanduliwa kwenye gombo kuukuu. Kwa hiyo viulize umri vyote viwili, kila kimoja peke yake.

2. Gombo la kutundika na gombo la mkononi vina tofauti gani?

La kutundika husimama wima ukutani. La mkononi hulazwa mezani na kufunguliwa kutoka kulia kwenda kushoto, kipande cha upana wa mabega kwa wakati mmoja, huku mkono wa kulia ukikunja kilichokwisha kuonwa. Mfano unaojulikana zaidi ni mandhari ya mto wakati wa sikukuu ya Qingming, kazi ya mchoraji Zhang Zeduan, iliyoko Jumba la Makumbusho la Kasri la Kifalme, Beijing: kimo chake ni sentimita 24.8 tu, urefu wake sentimita 528. Haikuchorwa ionekane yote kwa mtazamo mmoja.

Baada ya mchoro, gombo la mkononi huendelea na maandishi ya waliolimiliki au waliolisoma. Usikubali mtu akushauri ukate sehemu hiyo ili mchoro uingie kwenye fremu. Maandishi hayo ndiyo hati ya ukoo wa gombo.

3. "Chapa za mbao" ni kitu kimoja au vingi?

Ni angalau familia tatu. Ya kwanza ni picha za Mwaka Mpya, *nianhua*, zilizobandikwa milangoni na kubadilishwa kila mwaka. Vituo vyake mashuhuri ni Yangliuqing karibu na Tianjin, Taohuawu mjini Suzhou, Yangjiabu huko Weifang, na Mianzhu mkoani Sichuan. Za Yangliuqing huchapwa mistari kwa ubao kisha nyuso na nguo hupakwa rangi kwa brashi, hivyo ni nusu chapa, nusu mchoro.

Ya pili ni chapa za rangi za maji, zinazoiga mchoro wa brashi kwa mbao nyingi ndogo, kila rangi na ubao wake. Ufundi huu ulifikia kilele Nanjing karne ya 17 mikononi mwa Hu Zhengyan, na katika karne ya 20 ukabebwa na maduka kama Rongbaozhai la Beijing na Duoyunxuan la Shanghai. Meza ya mchapaji ina ufa katikati: upande mmoja rundo la karatasi limebanwa lisisogee, upande wa pili ubao umegandishwa kwa nta. Kila karatasi huvutwa juu ya ubao, husuguliwa, kisha huachwa ining'inie ndani ya ufa. Kwa njia hiyo mamia ya nakala hupokea rangi ya pili mahali pale pale bila kuhama hata unywele.

Ya tatu ni chapa za wasanii wa kisasa, zilizoanza baada ya mwandishi Lu Xun kuandaa mafunzo ya uchongaji Shanghai mwaka 1931. Hizi huwa na wino mzito mweusi, sahihi ya penseli na idadi ya nakala.

4. Hariri ya nakshi ya China ina aina gani?

Watu wa pwani huita zari kitambaa chenye nyuzi za dhahabu. Hariri ya China inayozungumziwa hapa, *jin*, ni pana zaidi: nakshi yake imefumwa ndani ya kitambaa kwa nyuzi za rangi, iwe na dhahabu au bila. Alama yenyewe ya Kichina ya neno hilo imeunganisha dhahabu na hariri.

Kuna tatu kubwa. Ya Shu, ya Chengdu, ni ya kale zaidi na hubeba rangi zake nyingi kwenye mtande, yaani nyuzi za urefu. Ya Song, ya Suzhou, ina nakshi ndogo za kupangika, na ndiyo utakayoikuta zaidi kwenye masanduku na kingo za magombo mazuri. Ya Yun, ya Nanjing, ilifumwa kwa ajili ya kasri na ndiyo yenye dhahabu nyingi. Kitanda chake cha kufumia kina kimo cha mita 4 na urefu wa mita 5.6. Mfumi mmoja hukaa juu akivuta nyuzi za nakshi, mwingine chini akipitisha mshindio, yaani uzi wa kukingama, na wawili hao kwa siku nzima hutoa sentimita 5 au 6. UNESCO iliuorodhesha ufundi huo mwaka 2009.

*Kesi*, hariri nyingine ya China yenye picha za kufumwa, si jin, ingawa wauzaji huvichanganya. Ndani ya kesi, mshindio wa kila rangi huishia pale rangi inapoishia badala ya kuvuka kitambaa chote. Kiinue kwenye mwanga: utaona nyufa ndogo kwenye mipaka ya rangi, kama kimekatwa kwa wembe.

5. Nina pesa kidogo. Nianze na nini?

Usianze na mchoro wenye jina kubwa. Mchoro wa Qi Baishi, mchoraji wa China aliyesifika kwa kamba wa majini, wa vibao 12 vya mandhari uliuzwa Beijing mwaka 2017 kwa yuan milioni 931.5, na tangu enzi za uhai wake kuna watu wanaoishi kwa kumuiga. Anayekuuzia "kamba wa Qi Baishi" kwa bei ya simu anakuuzia karatasi.

Anza na chapa za Rongbaozhai au Duoyunxuan zinazouzwa wazi kama chapa, picha za Mwaka Mpya, au picha za hariri zilizofumwa kwa mashine Hangzhou, hasa za kiwanda cha Dujinsheng kilichoanzishwa 1922. Picha hizo za hariri, nyingi za Ziwa la Magharibi kwa nyeusi na nyeupe, zina maelezo na jina la kiwanda vilivyofumwa pembeni. Nakala ni nyingi, kwa hiyo unaweza kulinganisha, na mkono wako utajifunza karatasi na kitambaa kabla hujaanza kulipia majina.

## Kutambua ulichoshika

6. Nitajuaje kama ni mchoro wa mkono, chapa ya mbao au chapa ya mashine?

Chukua kioo cha kukuzia mara 10 na tochi ndogo. Usianzie kwenye sahihi. Anzia mahali wino ulipo mwepesi, kwenye ukungu wa milima au manyoya ya ndege.

Ukiona vitone vya rangi vilivyojipanga kama maua madogo, hiyo ni ofseti, uchapaji wa mashine za kiwandani. Ukiona vinyunyizo visivyo na mpangilio, vya samawati, waridi na njano hata ndani ya kijivu, hiyo ni printa ya kompyuta. Jihadhari na hii ya pili: siku hizi huchapwa kwenye karatasi halisi ya *xuan*, ile ya jadi ya wachoraji wa China, hivyo kuigusa tu hakutakusaidia. Kuna pia uchapaji wa zamani wa bamba la kioo, usio na vitone kabisa, ambao chini ya lenzi huonyesha punje kama mchanga mwembamba. Huo umewapata wengi.

Chapa ya mbao ya rangi za maji ni ngumu zaidi kwa sababu wino wake ni wino na karatasi yake ni karatasi. Tafuta mambo matatu. Kwanza, kingo za rangi: ubao huacha mpaka mkali kidogo ambapo brashi ingefifia. Pili, mapishano: brashi ikipita mara mbili, weusi huongezeka pale tu mistari inapokutana na mwendo wa mkono hufuatika, lakini kwenye chapa mstari mmoja unaweza kuwa umeundwa na vipande viwili visivyokutana vizuri. Tatu, mgongo, kama bado haujabandikwa: shinikizo la kusugua huacha kibonyeo kidogo.

Mchoro wa mkono kwenye xuan mbichi husambaa. Wino huingia ndani ya nyuzi na kutokea upande wa pili, na kila pigo la brashi huacha ukingo wake likikauka. Karatasi hiyo hutengenezwa wilaya ya Jing, mkoani Anhui, kwa gome la mti wa qingtan na mabua ya mpunga. Ikipakwa shabu na gundi ya wanyama huitwa "iliyoiva" na haisambazi wino, na hiyo hutumika kwa michoro ya mistari myembamba. Kwa hiyo kukosekana kwa msambao peke yake si ushahidi wa chapa.

7. Muhuri mwekundu na sahihi vinathibitisha mchoraji?

Havithibitishi. Muhuri ni jiwe lililochongwa, na jiwe jingine linaweza kuchongwa kutoka kwenye picha ya muhuri kwa mashine ndani ya saa moja. Mihuri ya wamiliki ni hivyo hivyo. Mfalme Qianlong alipenda sana kugonga yake juu ya michoro aliyoimiliki, kwa hiyo waghushi nao hupenda sana kuigonga.

Bado muhuri una habari. Wino wake mzuri ni zingefuri, madini mekundu ya zebaki, iliyosagwa na kuchanganywa na mafuta na nyuzi za mimea. Hukaa juu ya karatasi ikiwa na unene kidogo, na rangi yake ni nzito, haifanani na wekundu wa kalamu. Ukiona duara la mafuta limesambaa kuzunguka muhuri, wino ulikuwa duni. Ukiona vitone, rudi swali la 6. Mihuri ya jina huja ya namna mbili, herufi nyekundu juu ya nyeupe au nyeupe ndani ya nyekundu, na wachoraji wengi hugonga zote mbili chini ya sahihi.

Hata wataalamu hubishana. Mjini Suzhou, enzi za Ming na Qing, kulikuwa na karakana zilizozalisha "kazi za wakubwa" kwa wingi kiasi kwamba bidhaa zao zina jina lake: vipande vya Suzhou. Zhang Daqian, mchoraji mkubwa aliyefariki 1983, aliiga wa kale kwa ustadi uliowadanganya wakusanyaji wa wakati wake. Cha ajabu, ughushi wake sasa nao una wanunuzi.

8. Kuna tarehe ya Kichina kwenye mchoro. Mbona wauzaji wawili wanaisoma tofauti?

Kwa sababu tarehe nyingi zimeandikwa kwa mzunguko wa miaka 60. Mwaka wa *gengzi* unaweza kuwa 1900, 1960 au 2020. Muuzaji ataichagua ya zamani. Wewe angalia maisha ya mchoraji, karatasi na mtindo, kisha uchague inayowezekana. Kama mchoraji alifariki kabla ya mwaka mmoja na kuzaliwa baada ya mwingine, umemaliza kazi.

9. Gombo ni la kahawia na limechanika. Si dalili ya ukale?

Chai hufanya kazi hiyo kwa alasiri moja, moshi kwa siku chache. Uchakavu wa kweli una mantiki: gombo huchakaa zaidi sehemu ya nje ya mkunjo, kwenye uzi, na pale linapogusana na ufito. Weusi hupungua kadiri unavyokunjua kuelekea ndani. Kama kahawia ni sawasawa kutoka juu hadi chini, na hata mgongo una rangi ile ile, mtu ameipika.

Hariri ya kale hupasuka kwa mistari mingi ya kukingama, sambamba na mti, kwa sababu imekunjwa mara maelfu. Mipasuko iliyokwaruzwa kwa kisu hupita popote na nyuzi zake zimekatika kwa usafi. Ncha za nyuzi zilizozeeka huwa zimepukutika kama vumbi.

10. Nitajuaje kuwa kitambaa ni hariri, tena ya kufumwa kwa mkono?

Chomoa uzi mmoja kwenye pindo na uuchome kwa kiberiti. Hariri hunuka nywele zilizoungua, hujizima yenyewe, na majivu yake husagika vidoleni. Rayoni huwaka kama karatasi. Poliesta huyeyuka na kuacha shanga ngumu. Kama mwenye mali hataki uzi uchomolewe, mwache: ana haki.

Kwa ufumaji, geuza upande wa nyuma. Kwenye mashine, kila rangi husafiri mgongoni kutoka pindo hadi pindo, ikionekana mbele pale inapohitajika, hivyo nyuma kuna michirizi mirefu ya rangi zote. Kwenye hariri ya Yun ya mkono, mfumi huingiza vijiti vidogo vya uzi ua kwa ua, kwa hiyo mgongoni rangi huruka sehemu fupi tu. Matokeo yake huonekana hata mbele: maua manne yanayofanana kwa umbo, kila moja na rangi zake. Hakuna mashine ya kawaida inayojisumbua hivyo.

Dhahabu ya zamani ni jani la dhahabu lililogandishwa juu ya karatasi, likakatwa ukanda mwembamba, ama likafumwa hivyo hivyo bapa, ama likaviringishwa kwenye uzi wa hariri. Chini ya lenzi, ukanda uliochubuka huonyesha karatasi. Ukanda wa plastiki hung'aa sawasawa na haugeuki rangi.

## Kununua na kusafirisha

11. "Pingchi" kwenye bei ni nini?

Ni chi (futi ya Kichina) moja ya mraba, takriban sentimita 33 kwa 33. Wachoraji walio hai huuza kwa kipimo hicho. Karatasi ya chi nne, sentimita 138 kwa 69, huhesabiwa kuwa pingchi 8. Nusu yake ya mraba, 69 kwa 69, ni pingchi 4. Hupimwa mchoro peke yake, bila kingo. Ukitozwa hadi kwenye mti wa chini, umetozwa hariri ya ukingo kwa bei ya mchoro.

12. Maneno ya mnada yana maana gani?

Jina kamili la mchoraji bila nyongeza ndiyo kauli kali kuliko zote. "Inayonasibishwa na" maana yake huenda. "Yenye sahihi ya" maana yake sahihi ipo, na wao hawasemi nani aliiweka. "Kwa mtindo wa" na "baada ya" maana yake si yeye. Soma pia masharti ya mnada mwishoni mwa katalogi: minada mingi ya China haitoi dhamana ya uhalisi kabisa. Omba picha za mgongo, kishikio na ncha ya gombo likiwa limekunjwa. Muuzaji mwenye kitu kizuri hachoki kupiga picha.

13. Naweza kutoa gombo la kale China?

Kwa viwango vya mwaka 2007, vitu vya kale vya mwaka 1911 na kabla havitoki. Vya hadi 1949 vyenye thamani ya kihistoria, kisanaa au kisayansi navyo huzuiwa. Baada ya hapo kuna orodha za wachoraji waliofariki ambao kazi zao zina mipaka. Za Xu Beihong haziruhusiwi kabisa. Kilichoruhusiwa hupewa cheti, na vingi hugandishwa lakiri nyekundu.

Lakiri peke yake haitoshi. Hubanduliwa kwenye chombo cha bei rahisi na kuhamishiwa kwingine. Cheti, lakiri na kitu chenyewe lazima viseme jambo moja. Kwa kitu kilichotoka zamani, tunza risiti, katalogi na picha za familia. Forodha huamini karatasi, haiamini hadithi.

14. Vishikio vinaonekana vya pembe. Ni tatizo?

Ni kubwa, na Afrika Mashariki ndiko kubwa zaidi. Pembe za ndovu zilitumika sana kama vishikio vya magombo ya heshima. Biashara ya kimataifa ilipigwa marufuku kupitia CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, kwa uamuzi wa 1989, na China yenyewe ilifunga soko lake la ndani mwishoni mwa 2017. Kuwa na pembe bila kibali Kenya au Tanzania ni kosa la jinai, na kipande kidogo hakipunguzi kosa.

Kagua kwa lenzi. Mfupa una vitundu vidogo vyeusi. Pembe ya ndovu, kwenye sehemu iliyokatwa kukingama, huonyesha mistari inayopishana kama wavu. Plastiki ina mistari iliyonyooka mno au haina kabisa. Ukishuku, mwambie muuzaji abadilishe vishikio kwa fundi kabla ya kusafirisha. Vya mbao ngumu au vya pembe ya ng'ombe vinafaa, na mchoro haupungui thamani. Mbao nayo iulize jina: msandali mwekundu wa India uko kwenye orodha ya CITES.

## Kutundika na kutunza

15. Gombo hutundikwaje bila kulivunja?

Lilaze mezani, fungua utepe, kunjua sentimita 30 tu, na weka uzi kwenye msumari au kwenye mti wenye ncha ya panda. Ukiwa umeshika mti wa chini kwa mikono miwili kwenye vishikio, shuka polepole ukilikunjua kwa usawa. Usiliachie lijikunjue lenyewe. Kuliteremsha ni kinyume chake: kunja kutoka chini, legevu kiasi, na kama kingo hazikutani, kunjua uanze upya. Usigonge ncha za gombo mezani ili zilingane. Hapo ndipo kingo hupinda na mchoro hupata mikunjo isiyotoka.

16. Likae ukutani muda gani?

Wiki chache, kisha lipumzike miezi. Mwanga usizidi lux 50, yaani chumba chenye pazia. Manjano ya mimea na waridi hufifia kwanza. Wino mweusi wa masizi haufifii, na ndiyo maana gombo lililoachwa juani hubaki na mistari tu.

17. Naishi Mombasa, Zanzibar au Dar. Unyevu nitaufanyaje?

Lengo ni unyevu wa asilimia 50 hadi 60. Ukipita 65 kwa siku kadhaa, kuvu huanza, na uji wa ngano ni chakula chake. Nunua kipima unyevu, ni bei ndogo. Usitundike kwenye ukuta wa nje, hasa wa matumbawe, kwa sababu nyuma ya gombo hewa haitembei. Kiyoyozi kinachowashwa jioni na kuzimwa asubuhi ni kibaya kuliko kukosa kiyoyozi: karatasi, hariri na wanga hutanuka na kusinyaa kwa viwango tofauti, na gombo hujikunja pembeni.

Njia rahisi ni sanduku la plastiki lenye mpira wa kubana, ndani gombo likiwa kwenye mfuko wa pamba na sanduku lake, pamoja na silika ya punje. Kiasi hutegemea sanduku. Fuata kipimo ulichoweka ndani, na usikaushe chini ya 45, maana wanga uliokauka kupita kiasi huachia. Silika iliyobadilika rangi huokwa nyuzi 120 kwa saa mbili tatu, ikapoa ndani ya chupa iliyofungwa, ikarudishwa.

Wachina walikuwa na siku ya kuanika vitabu na nguo, tarehe sita mwezi wa sita wa kalenda yao. Siku hiyo haitufai, lakini desturi inafaa: chagua siku kavu nje ya masika, kunjua gombo kivulini saa moja au mbili, kagua, kunja.

18. Kuna kuvu tayari. Nipanguse?

Usipanguse. Kitambaa huisugua ndani ya nyuzi. Litenge gombo ndani ya mfuko, lipeleke mahali pakavu lifunguliwe siku mbili, kuvu ikishakauka na kuwa unga iondoe kwa brashi laini kuelekea kwenye mdomo wa kifyonza vumbi, ukiwa umevaa barakoa. Madoa madogo ya rangi ya kutu yatakayobaki ni kazi ya fundi. Jiki haina nafasi hapa.

19. Wadudu je?

Mende na vile vidudu vya rangi ya fedha vinavyokimbia vitabuni hula wanga. Mchwa hula kila kitu. Nondo hufuata hariri yenye jasho au chakula. Karafuu maiti husaidia ikiwa ndani ya kifuko, isiguse kitambaa. Naftalini iache.

Hariri iliyoingiliwa inaweza kugandishwa: ifunge kwa karatasi laini, ndani ya mifuko miwili ya plastiki iliyotolewa hewa, friza ya nyumbani kwa wiki mbili, kisha iache mfuko ukiwa umefungwa saa 24 kabla ya kufungua. Umeme ukikatika ikayeyuka, anza kuhesabu upya. Magombo usiyagandishe.

20. Gombo lina mikunjo. Nilipige pasi?

Hapana. Joto hukausha wanga na huweza kuamsha shabu na gundi. Mkunjo mdogo huimarishwa mgongoni kwa vipande vyembamba vya karatasi, kazi ya fundi. Mikunjo mingi maana yake kubandika upya: mgongo wa zamani huloweshwa na kubanduliwa, kisha gombo hukaa ubaoni ukutani wiki kadhaa likikauka. Hili huwezekana kwa sababu uji wa ngano hukubali maji.

21. "Kubandika kwa mashine" ni kubaya?

Kwa chapa ya mapambo si tatizo. Kwa kitu unachokithamini ni msumari wa mwisho, kwa sababu mashine hutumia utando wa plastiki unaoyeyushwa kwa joto na hautoki tena kwa maji. Dalili zake: gombo gumu, linakunjika kwa sauti, mgongo hauna ule ulaini wa nta, na pembeni kwenye mkato unaona uzi wa kung'aa kati ya tabaka. Muulize fundi kabla hujamwachia mchoro, na uuone uji wake.

22. Naweza kuosha hariri ya nakshi?

Maji hugandua jani la dhahabu kwenye karatasi yake na hutiririsha rangi za kemikali za mwishoni mwa karne ya 19, hasa zambarau na waridi. Toa vumbi tu, kwa kifyonza kilichowekwa nguvu ndogo kupitia wavu. Viringisha kwenye bomba la kipenyo cha sentimita 7 hadi 10 lililofunikwa karatasi isiyo na asidi, uso ukiwa nje. Usikunje kama leso. Nyuzi za kahawia na nyeusi zilizotiwa chuma kwenye rangi huoza zenyewe na kuacha nakshi ikiwa na matundu. Hilo halizuiliki, hucheleweshwa tu kwa giza na ukavu.

## Yasiyotokea kila siku

23. Mchoro umefifia wote kwa usawa, wino kama kivuli. Kuna nini?

Huenda umeshika tabaka la pili. Xuan nene yaweza kuchanwa kuwa karatasi mbili, na kwa kuwa wino ulipenya, kila moja hubeba mchoro. La chini hurudishiwa nguvu kwa brashi na kuuzwa kama kazi kamili. Angalia kama weusi mzito umekaa juu ya mstari hafifu bila kuufuata barabara, na kama muhuri ni mpya kuliko wino unaouzunguka. Kitaalamu ni kazi ya mchoraji. Kibiashara ni jambo la kutajwa kwenye risiti.

24. Beji ya mraba yenye ndege, iliyokatwa kwenye joho: ni ya nani?

Ya ofisa wa kiraia wa Qing. Korongo mweupe alikuwa wa daraja la kwanza, tausi wa tatu, kwale wa nane. Wanajeshi walivaa wanyama. Beji ya kifuani yenye mshono katikati ndiyo ya mbele, kwa kuwa koti lilifunguka hapo. Nzima ni ya mgongoni. Jozi zilizotenganishwa ni nyingi, na mbili zinazofanana kweli huuzwa zaidi ya mara mbili ya bei ya moja.

25. Nimeambiwa kuna gombo la kale la twiga wa Malindi. Ni kweli?

Lipo gombo la twiga, lakini si la Malindi moja kwa moja. Mwaka 1414 twiga alifika kwa mfalme Yongle kutoka Bengal, akapokewa kama *qilin*, mnyama wa heri, na mwandishi wa kasri Shen Du akaandika sifa zake juu ya mchoro. Twiga wa Malindi alifika mwaka uliofuata, 1415. Mchoro huo ulinakiliwa mara nyingi: kuna gombo Taipei, na nakala ya baadaye Philadelphia. Kwa hiyo nakala nyingine ikijitokeza si ajabu, na kuwa nakala si ughushi mpaka muuzaji aseme ni ya 1414. Ipeleke kwenye swali la 6, kisha la 9.